Mama Aliniruhusu Nirekodi Ndege, Mwenzangu Akamrusha Yeye Mtandaoni

Admin, nifiche jina. Leo ni Jumapili ya pili ya mwezi wa pili, na ni miezi minane tangu niondoke nyumbani Ruaruke. Nina miaka ishirini na saba, shule niliishia kidato cha pili, na sasa niko Kahama nabeba zege kwenye jengo la ghorofa. Mikono imechubuka, hata kuandika hapa naandika kwa kidole kimoja. Lakini kinachoniuma si mikono.

Kabla ya kuja huku nilikuwa na mwenzangu pale Kibiti, nitamwita Salumu ingawa si jina lake. Alikuwa na kibanda cha kuingizia watu nyimbo kwenye simu. Huko mtandaoni akakuta kikundi cha watu wa nchi mbalimbali wanaotengeneza muziki wa ajabu, hauna ngoma wala mwimbaji. Wanachukua mlio wa jenereta, wa chura, wa mlango, wanauvuta kwenye kompyuta mpaka unakuwa kama upepo unaolia. Wengine wanacheka, mimi niliupenda. Tukagawana kazi: mimi narekodi, Salumu anapika kwenye kompyuta, tunatuma. Sauti zangu za mikoko maji yakipwa, matope yakitoa mapovu, zilisifiwa na watu nisioijua hata lugha yao.

Msimu uliopita mama alikuwa dunguni. Kwa msiolijua, dungu ni kibanda cha juu ya miti tunachokaa kulinda mpunga. Nilitaka milio ya kweleakwelea wakishuka asubuhi. Nikawasha kinasa sauti, nikamwambia mama nakiacha kwenye nguzo, nitakifuata jioni. Akacheka, akasema, "Weka tu mwanangu. Ndege hawana siri."

Sasa mama yangu ni kungwi. Mchana ule makungwi wenzake walimfuata dunguni, na kwa kuwa bondeni hakukuwa na mwanamume, wakapitia nyimbo za unyago, za kuwachezea wali, mabinti waliovunja ungo, baada ya mavuno. Mama alishasahau kabisa kama kuna kitu kimefungwa pale chini. Nilipofika kibandani kwa Salumu tukafungulia, ndege, ndege, kisha sauti ya mama ikaanza. Nilijua mara moja. Nikavua spika za masikioni, nikamwambia hayo ni ya wanawake, mimi na wewe hayatuhusu, futa. Salumu ni mtoto wa Kibiti, amezaliwa na mwanamke aliyechezwa, hakuhitaji kuelezwa. Akabofya mbele yangu, akasema amefuta. Siku chache baadaye nikapanda basi kuja huku.

Hakufuta. Aliuvuta ule wimbo kidogo tu, akauacha mama asikike vizuri, akaweka mvumo wa jenereta chini yake, akawaambia wazungu wake kwamba ni wimbo wa kufukuzia ndege. Ukasikilizwa kuliko kazi zetu zote. Binti mmoja wa kwetu anayeishi Dar akaitambua sauti, akampigia mama yake. Makungwi wakakaa kikao. Mama akaambiwa msimu huu asishike mwali wa mtu yeyote. Kazi hiyo aliachiwa na bibi yake, hana nyingine inayompa heshima.

Alinipigia mara moja tu. Hakufoka. Alisema, "Mimi nilikupa ndege, mwanangu. Wewe ukanichukua na mimi." Akakata. Mpaka leo hapokei simu yangu, naongea na dada tu.

Nikawaandikia wale wa kikundi, kwa Kiingereza cha kutafsiriwa na simu, kwamba waiondoe ile rekodi. Wakauliza kwa nini. Nitasemaje? Nikieleza ule wimbo ni wa nini, nimeshauanika mwenyewe. Nikasema mama hakuruhusu. Salumu akawatumia kipande cha mwanzo wa ile rekodi, mama akisema kwa kinywa chake, "Weka tu mwanangu." Basi mimi nikaonekana mwongo mwenye wivu.

Nikamuuliza Salumu. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, anacheka: "Kaka, wewe beba zege. Mama yako amefika mbali kuliko wewe." Kisha akajisahau, akaanza kunifafanulia maneno ya wimbo, hili maana yake hivi, lile vile, huku akimdhihaki bibi wa mchumba wake, ambaye ndiye mkubwa wa makungwi wote kule kwetu. Ujumbe huo ninao. Nimeusikiliza mara nyingi kuliko dua.

Mwisho wa mwezi huu kikundi kinapiga mubashara, kila mtu kutoka alipo, na mimi bado nimepangiwa zamu yangu. Nimeshawaambia jamaa wa Kibiti wafuatilie. Nataka ikifika zamu yangu nisirushe chura wala matope. Nimrushe Salumu, bila kumvuta, bila jenereta, asikike kama alivyo. Ukweni watamsikia. Ndoa hiyo haitafungwa, na hakuna mama atakayempa binti.

Dada ndiye aliyenitia breki. Alisema, "Kaka, ukimrusha huyo, kila ambaye hajamsikia mama atakwenda kumtafuta." Na kweli, maneno anayoyafafanua mle ni yaleyale yaliyotoka kinywani mwa mama. Nitamchoma Salumu kwa kuni za nyumbani kwetu.

Lakini nikinyamaza, yeye anaoa, anasifiwa, na mama anakaa uani peke yake wakati ngoma zinalia.

Nishaurini ndugu zangu: niurushe ujumbe huo, au kuna njia nyingine ya kumfikia huyu mtu? Ila msiniambie nisamehe, hilo sikuuliza. Vyovyote mtakavyosema, mwezi wa nne mpunga ukianza kutia maziwa nitakuwa Ruaruke, nimepanda dunguni na kombeo nimlindie mama. Salumu naye akija ukweni kwake, anajua njia ya kuja kule ni moja, na inapita chini ya dungu letu.