Shimo ya Muguu ya Dinozore

Kitabu yenyewe ilitoka mu baloti ya nguo za Bulaya. Mama yangu anauzishaka nguo ya batoto ku soko, na siku ya kufungua baloti mupya tunakaaka wote chini tunachagua: suruali huku, mashati huku, yenye kupasuka kule. Ile siku nilivuta suruali moja ndogo, kitabu ikaniangukia ku muguu. Karatasi zake zilikuwa nguvu kama karto, na pembe moja ilikuwa imetafunwa na meno ya mutoto fulani wa Bulaya. Juu yake kulikuwa picha ya dinozore, nyama moja ya shingo ndefu, anakula majani ya juu kabisa ya muti, na ile muti yote ilionekana kama sombe, majani ya muhogo tu, mbele yake.

Mama akasema, "Weka pale, tutafungia mandazi."

"Mama, ukichana ata karatasi moja, mi natoka mu hii nyumba!"

"Utaenda wapi?"

"Rutshuru!"

"Kwa nani?"

Nikaikalia kitabu, na ilibakia.

Niseme kabisa: masomo mi niliachia mu mwaka wa tano wa primere, juu baloti ilikuwa inataka mikono. Mwenye kutaka kucheka aje tuongee. Kifaransa nilijifundisha mwenyewe, ku makopo ya sardini, ku makaratasi ya dawa, ku magazeti ya kufungia mandazi. Mudogo yangu, dada mwenye ananifuata na mwenye ananiita yaya juu mi ni mukubwa yake, njo alikuwa anavaa iniforme na kwenda ku masomo. Lakini kusoma kitabu ile ilikuwa kazi yangu. Alikuwa anakuja anaingia katikati ya magoti yangu, nasoma Kifaransa pole pole, kisha naiweka mu Kiswahili yetu.

"Yaya, huyu alikuwa mukubwa kama nini?"

Kitabu ilikuwa inahesabu mametre. Metre haimuambie mutoto kitu.

"Unajua ng'ombe za babu kule Masisi? Huyu angekanyaga moja na hajue, kama vile weye unakanyagaka siafu."

"Na kanisa yetu?"

"Angeinamisha shingo ndio aone kengele."

"Na maji angekunywa wapi?"

"Mu ziwa. Anasimama hapa hapa ku mulango, anarefusha shingo, anakunywa ziwa, na mukia bado iko mu parsele, mu kiwanja ya jirani."

Mudogo yangu akaangalia juu, pale shingo ingepita. Mi pia nikaangalia. Mawingu tu. Ile maneno ya mukia nilikuwa nimeitunga mwenyewe, na ata hivi nikaogopa.

Kitu yenye ilinishinda ni hii: hakuna mutu alibaonaka. Hakuna! Na bado batu banajua meno yao, banajua mayai yao, banajua vile batoto bao balitembea nyuma ya mama. Yote ilitoka mu majiwe. Kulikuwa picha ya jiwe moja yenye alama ya muguu, na mutoto muzungu amekaa ndani yake kama mu beseni. Kulikuwa ingine ya ngozi, magamba kwa magamba, imeandikwa mu jiwe kama vile mukeka inaandikaka ku shavu ukiilalia. Nyama imeoza, mifupa imepotea, na jiwe bado inakumbuka ngozi. Nilikuwa nasoma hapo, naacha kusoma, naangalia mukono yangu mwenyewe.

Picha ya mwisho ilikuwa mulima. Moto juu, moshi, mbingu yote nyekundu, na nyama banakimbia. Karatasi ya nyuma yake ilikuwa imechanika. Sasa, mutoto wa Goma, muji yetu yenye mulima ya moto nyuma yake, ukimuonyesha mulima yenye moto ku kichwa, atakuuliza ni wapi? Anajua.

"Yaya, banakimbia ku njia ya Sake?"

"Wapi kwingine? Labda bamefika Lac Vert, kule ku ziwa ndogo."

Hatukubishana ata kidogo. Sisi tunakaa juu ya lava. Nyumba ni mbao, chini ya mbao ni jiwe nyeusi, na chini ya jiwe hakuna mwenye ameangalia. Basi dinozore beko pale chini, tukasema. Tulianza kutembea pole mu parsele, kama batu benye jirani yao amelala.

Kisha Papa akaanza kuchimba choo mupya. Mu Goma haichimbwi, inapiganwa. Unakamata baramini, ile chuma ndefu ya kupasulia majiwe, unapiga, unatukana, jioni umetoa majiwe ya kujaza beseni. Lakini asubuhi moja Papa alipiga, baramini ikaingia, ikatelemuka yote, karibu imuvute naye. Akatoa majiwe ya kando kando. Shimo! Ya mviringo, imesimama sawa, upana wa pipa, inashuka chini kupita kimo ya mutu. Hakuna mutu alichimba.

Papa akatupa mikono juu. "Mungu wangu! Choo imejichimba yenyewe!"

Mudogo yangu alikuwa amekwisha kulala na tumbo ku ukingo. Akaingiza mukono, akapapasa ukuta ya ndani. Akageuka, macho makubwa.

"Yaya. Iko na ngozi."

Nikapapasa. Lava ya kawaida inakwaruza kama chupa ya kupasuka. Hii ilikuwa na mistari, na nyufa, na vipande vipande vinafuatana kama magamba. Nikakimbia kuleta kitabu, nikafungua picha ya ngozi, nikaiweka kando ya shimo. Ilikuwa sawa. Naapa ilikuwa sawa.

"Ni muguu," nikasema. "Alikuwa amesimama hapa. Lava ikamukuta amesimama."

Sisi wote tukainua macho, ata Papa. Nilikuwa najaribu kuona muguu ile ikipanda kutoka mu shimo, inapita bati ya nyumba, inapita waya ya umeme, na tumbo inafunika avenyi yote ya mutaa kama wingu ya mvua.

Papa akakohoa. "Muguu ao mukono, choo ni choo."

"Papa!" mudogo yangu akalia. "Utamutilia dinozore mavi?"

Papa hakuwaka na nguvu mbele ya machozi yake. Akajikuna shingo. Kwetu, mbele ya kuchimba karibu na mupaka, unaita mwenye alikuuzia parsele aje aonyeshe mupaka tena, juu lava ilifunika alama zote na hakuna mutu anataka fujo na jirani. Mwenye alituuzia alikuwa mama muzee mumoja, tunamuita koko, amehamia Rutshuru, na alikuwa atakuja siku ya posho, njo Jumamosi.

"Basi musikie," Papa akasema. "Mpaka siku ya posho, shimo ni yenu. Muniletee mutu mukubwa, wa akili, aseme hii ni muguu ya nyama. Nitachimba fasi ingine. Bila hivyo, koko akionyesha mupaka tu, naweka mbao juu."

Mudogo yangu akapeleka habari ku masomo. Mutu mukubwa wa akili ni nani kama si mwalimu? Alirudia nyumbani, akakamata kitabu, akaisukuma chini kabisa ya rundo ya nguo za kuuzisha.

"Uzisheni tu," akasema. "Batoto bote balinicheka. Mwalimu amesema dinozore balikufa zamani, zamani sana, na hii lava yetu ni ya juzi, yeye mwenyewe aliiona na macho."

Mi wakati ule sikungojea viatu. Nilikuta mwalimu anafunga darasa.

"Mwalimu! Nani alikutuma kumuchekesha mudogo yangu?"

"Mama, pole, mi sikumuchekesha, nilifundi..."

"Mi si mama, mi ni yaya yake! Umeona ile shimo? Hujaiona! Kuja uone, kisha ufundishe!"

Nilikuwa namungojea anifukuze. Akaweka chaki mu mufuko, akanifuata. Kijana tu, viatu yake imekwisha ku visigino. Akalala na tumbo kama sisi, akawasha tochi ya telefone, akaingiza mukono. Alikaa pale wakati murefu, shati inachafuka, hajali.

"Sijue ni nini," akasema. "Mi sijaonaka kitu kama hii." Akapapasa tena. "Lakini dinozore, hapana. Siwezi kudanganya mutoto, ata juu ya choo."

Nilikuwa na matusi tayari mu kinywa. Lakini alisema "sijue" na sauti ya mutu mwenye kushangaa kabisa, na ile matusi ikarudia mu tumbo.

Siku ya posho koko akafika na kikapu ya maharagi, mu kitenge yake ya kanisa. Mudogo yangu alikuwa amekaa ku mulango, mugongo kwa shimo, hataki kuona. Papa akamupa koko kiti, akamuambia, "Koko, tuonyeshe mupaka, mbao iko tayari."

Koko akaangalia huku na kule, akatikisa kichwa. "Mwanangu, usinikasirikie. Siku ile nilikuuzia nilikisia tu. Tulirudia, tukakuta yote ni nyeusi, hakuna barabara, hakuna nyumba, kila mutu anasimama anasema kwangu ni hapa. Mi sikujua kwangu ni wapi." Kisha akaona shimo. "Hii nani amechimba?"

"Imejichimba."

Akateremuka kutoka ku kiti, akapiga magoti, na kitenge yake mupya, ku lava. Akaingiza mukono. Nilimuona anapapasa pole pole, juu na chini, kama vile unapapasaka mugongo ya mutoto mwenye kukohoa.

"Munitolee kitu ya chini kabisa," akasema.

Papa akaingiza koleo na muti murefu. Ikatoka vumbi, majiwe, na katikati yake vipande ya makala, makaa nyeusi, nyepesi, inavunjika mu mukono. Koko akakamata moja, akainusa.

"Yoo! Ni muti yangu ya avoka."

Akaweka kile kipande ku kiganja yake, akatuonyesha.

"Nilipanda mbegu yake mwaka wenye niliolewa. Ile lava ilikuja pole, kama bugali yenye kumwagika mu sufuria. Sisi tulikimbia. Muti, itakimbia na nini? Ikasimama. Lava ikaizunguka, ikaganda, na yenyewe ikaungua ndani." Akapiga pole ukuta ya shimo. "Hii ni ganda yake. Angalia, hata fasi ya tawi yenye mume wangu alikataka, iko hapa."

Akasimama. Akageuza mugongo kwa shimo kama mutu mwenye anatoka kuchuma matunda, na akaanza kutembea. Mi sitasahau vile alitembea. Kwetu juu ya lava kila mutu anaangalia chini, sababu inakata muguu. Yeye aliangalia mbele.

"Hapa jiko. Hapa mulango, uinamishe kichwa, iko mufupi. Hapa kiti ya mume wangu." Akasimama mbele ya Papa. "Na weye, mwanangu, umesimama ku kitanda yangu."

Papa akaruka kando kama mutu amekanyaga moto!

Mi sikucheka. Nilikuwa naangalia jiwe. Miaka yote nimeikanyaga, nimemwaga maji juu yake, nimeanika nguo za baloti, na chini yangu kulikuwa mulango, na kitanda, na sufuria fulani labda bado na kifuniko yake. Nilitaka kuvua viatu. Nilikuwa natafuta nyama ya zamani sana, na mutu mwenye alikaa pale chini alikuwa mbele yangu, na kikapu ya maharagi.

Kisha nikakumbuka mudogo yangu, na moyo ikawaka. Juu sasa dinozore amekwisha kufa kabisa, na koko njo amemuua. Mi nilikuwa tayari kugombana na mama muzee, Mungu anisamehe.

Lakini mulango ilikuwa bila mutu. Nikasikia rundo ya nguo inaanguka ndani. Mudogo yangu akatoka na kitabu, akapita mbele yangu bila kuniangalia, akarudisha koko ku kiti, akaifungua ku magoti yake.

"Koko, ona. Hii ni ngozi ya nyama. Alikufa, na jiwe ikakamata ngozi yake. Kama muti yako."

Koko hajue kusoma. Akaweka kidole ku picha, kisha akarudisha karatasi mpaka ku ile shingo ndefu yenye inakula majani ya juu.

"Na huyu? Njo alikuwa ananiibia avoka?"

Mudogo yangu akacheka, cheko yenye sikuisikia tangu ile siku ya masomo. "Ee, koko! Ni yeye!"

"Mwizi mukubwa hivi! Haya, munisomee mambo yake."

Nikasoma. Mudogo yangu akaingia katikati ya magoti ya koko, na tukafika ku mulima mwekundu. Koko akaikamata kitabu na mikono mbili.

"Na nyuma ya hapa?"

"Karatasi ilichanika, koko," mudogo yangu akasema. "Hatujue kama balifika."

Koko akapapasa ile nyama banakimbia, mumoja mumoja. "Sisi tulifika," akasema. "Na sufuria ku kichwa, lakini tulifika."

Nyuma ya nyumba tukasikia chuma inagonga jiwe. Papa hakuwa tena karibu na sisi. Alikuwa amebeba baramini na mbao zake mpaka ku pembe ingine ya parsele, fasi yenye jiwe haijajichimba, na alikuwa amekwisha kuanza kutukana.

"Koko!" akapaza sauti. "Hapa kwenye niko, kulikuwa nini yako? Nisipasule sebule ya mutu!"

Koko akageuka, akapima na macho kutoka ku muti yake mpaka pale.

"Hapo? Piga tu, mwanangu. Hapo ilikuwa choo."