Pete Iliyotoka Kwenye Gunia la Ulezi

Wanajumuiya wenzangu, nimesikia Jumapili mnataka nisimame mbele mnipigie makofi kwa sababu ya ile pete. Asanteni. Lakini kabla hamjapasha viganja moto, someni kwanza jinsi safari yenyewe ilivyokwenda, maana aliyewasimulia ni mume wangu, na mume wangu hakuwepo.

Mnanijua, nauza unga wa uji hapahapa Sumbawanga. Mwezi wa sita, kwenye ile baridi yetu ya kugonganisha meno, nilinunua sokoni gunia la ulezi wa zamani. Ulezi hautobolewi na wadudu. Watu wanauweka ghalani miaka na miaka hadi wanausahau. Mimi wa zamani ndio naupenda, umekauka vizuri. Nikaumwaga kwenye turubai niupepete. Chini kabisa kikatoka kifundo cha kitenge cha kijani, kimefungwa mafundo matatu, na ndani yake pete ya ndoa. Dhahabu kweli, siyo hizi za shaba zinazokuachia kidole cha kijani.

Nikawaza kama Mkristo: hii ina mwenyewe. Halafu nikawaza kama mwanamke: ngoja nione inanikaaje. Ilikuwa asubuhi, vidole vimesinyaa kwa baridi, pete ikapita bila ubishi. Mchana, baada ya kukoroga uji na kuosha masufuria, ikagoma kutoka. Nikapaka sabuni, ikagoma. Nikapaka mafuta ya alizeti, ikagoma na ikazidi kung'aa. Mume wangu aliporudi nikamwambia nimeungua, nikakifunga kidole kitambaa. Ndiyo maana sehemu hii hakuwasimulia. Ataisoma hapa pamoja nanyi, mnisaidie kumtuliza.

Siku ya tatu nikaenda kwa sonara mmoja ili anitolee. Akaugeuza geuza mkono wangu, akaniuliza, "Mama, nikate? Nikikata naweza kuinunua hapahapa." Nawaambia ukweli, sikumjibu upesi. Nilikaa kwenye benchi lake nikayafikiria madirisha ya nyumba yangu ambayo hadi leo yamezibwa kwa mbao. Kilichoniinua pale siyo utakatifu. Ni yale mafundo matatu. Mtu hafungi mara tatu kitu asichokijali. Nikarudi sokoni kwa yule aliyeniuzia gunia, akaniambia alilileta kijana anaitwa Deo, kutoka kijiji kimoja nje ya Namanyere. Kwenye gunia lenyewe kulikuwa na herufi za makaa: A.M. Kijiji sikitaji, wenyewe wameniomba.

Siku ya nne, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa stendi, sweta mbili mwilini, kidole kwenye kitambaa. Njia nzima nilikuwa napanga ujanja. Nimesikia mtu akiokota kitu cha thamani hakitaji, anauliza tu, "Mmepoteza nini?" halafu anasubiri mwenyewe akieleze kwa alama zake. Nikajiona mpelelezi. Mama aliyekaa pembeni yangu akaniambia, "Pole na mkono." Nikamjibu nimejikata na kisu. Alipoteremka akaja mwingine, naye nikamwambia nimebanwa na mlango. Ukijumlisha na kule kuungua kwa nyumbani, tayari nilikuwa na ajali tatu kwenye kidole kimoja, na zote nimezipata nikiwa njiani kwenda kutenda wema.

Nje uwanda wetu ulikuwa umekauka, majani ya rangi ya chai ya maziwa, matanuru ya matofali yanafuka moshi kando ya mashamba yaliyovunwa. Mahali fulani basi lilisimama kungoja ng'ombe wa wafugaji wa Kisukuma wavuke. Ng'ombe hao hawana haraka. Dereva alizima injini akamenya chungwa.

Saa nne nilishuka Namanyere, nikatafuta bodaboda.

"Nipeleke kwa Deo," nikamwambia kijana, nikataja kijiji.

"Deo wapo wanne, mama. Yupi?"

"Aliyeuza ulezi. Gunia limeandikwa A.M."

"Basi ni wa Bibi Apolonia. Ungesema tu yule aliyekimbiwa na mke." Akawasha pikipiki. "Mke wake, Yusta, yuko kwao Kipili tangu mavuno yaanze. Alimwibia mama mkwe pete ya ndoa. Kijiji kizima kinajua."

Nilipanda. Kidole kilikuwa kinaniwaka ndani ya kitambaa, na safari hii nisingedanganya kama ningesema nimeungua. Kumbe wakati mimi nakoroga uji na dhahabu kidoleni, kuna mwanamke mwingine anaitwa mwizi kwa ajili yake.

Tulifika saa tano. Nyumba ya matofali ya kuchoma, ghala pembeni, na Bibi Apolonia mwenyewe amekaa kwenye jua juu ya mkeka, anachambua maharage. Sasa ninyi mnajua kwetu Ufipa mzee hasalimiwi ukiwa umesimama kama mlingoti wa simu. Nikachuchumaa, nikaanza kupiga makofi ya salamu, taratibu, viganja vimejikunja, kama nilivyofundishwa na bibi yangu. Kofi la kwanza kitambaa kikalegea. La pili kikaning'inia. La tatu kikadondoka kwenye maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akasema, macho yako kidoleni. "Hiyo pete uliyoivaa ni yangu."

Upelelezi wangu ukaishia hapo. Nilianza kujieleza, mara gunia, mara sonara, nikawa naivuta pete huku jasho linanitoka kwenye baridi ile. Bibi akanishika mkono.

"Usivute. Kwa ndani ina kovu, niliigonga na mchi mwaka ule nilioolewa. Izungushe ielekee kidole cha mwisho, halafu ndiyo uipandishe." Akanimwagia maji ya mtungi, akazungusha, akapandisha. Ikatoka yenyewe, siku nne zote za sabuni na mafuta zikawa za bure. Nikajua sihitaji kumuuliza swali lolote. Mtu aliyeishi na kitu anajua hata kinapouma.

Deo alitoka shambani akatukuta hapo. Nikampa bibi na kile kifundo cha kitenge. Alikitazama muda mrefu kuliko alivyoitazama pete.

"Hiki nilikikata mimi," akasema pole pole. "Kabla sijaenda hospitali kufanyiwa macho. Nilisema wodini wataniibia. Nikaitia kwenye ulezi wa akiba, chini kabisa. Lile gunia haliguswi mpaka njaa ije."

"Niliuliza nitoe nafasi ya mavuno mapya, mama, ukaniambia fanya unavyoona," Deo akasema. "Nikauuza."

"Nyamaza, hujaulizwa."

Bibi aliporudi kutoka hospitali alikwenda moja kwa moja chini ya godoro, mahali ambapo pete ilikaa miaka yote akienda shamba. Hakuiona. Ule ulezi ulikuwa umemtoka kichwani kabisa. Nikamuuliza kuhusu Yusta.

"Mimi sijawahi kumwita mwizi," bibi akasema. "Nilisema tu pete ilikuwa hapa na sasa haipo, na chumbani kwangu anayefagia ni mmoja."

Deo aligeuka akatazama ghala. Bibi akaivaa pete, akaendelea na maharage yake, halafu akasema kama mtu anayejadili mvua, "Tutawaambia watu ilikuwa imedondokea nyuma ya sanduku."

Hapo nilikasirika. Nilikasirika hadi nikasahau adabu, lakini nilipofungua mdomo nikaona kidole changu, kina alama nyeupe mahali pete ilipokaa, na ukali wote ukanipungukia.

"Bibi," nikamwambia, "mimi hiyo pete nimeivaa siku nne, na nimedanganya watu watatu kwa ajili yake, mmoja wao mume wangu. Sina ubavu wa kukuhukumu. Lakini pete imesharudi kwa mwenyewe. Jina la binti wa watu bado liko barabarani. Mimi nimelikuta kwa mtu wa bodaboda, hata kabla sijauliza."

Bibi alichambua maharage mpaka yakaisha, akaingia jikoni, akaleta ugali wa ulezi. "Kula," akasema. Nikala. Nikaambiwa nitalala, nikalala, nikijua kesho nitarudi kwangu na roho nusu.

Asubuhi nilimkuta mlangoni amevaa kitenge chake cha Pasaka, kilemba kimefungwa, viatu vya kanisani, mkoba kwapani. Deo alikuwa ameshaita pikipiki mbili.

"Unakwenda wapi, bibi?"

"Kipili. Na wewe unakuja. Nikifika peke yangu watasema nimeinunua nyingine."

Kutoka Namanyere sote watatu tulipata gari la kuteremka ziwani. Mnaokaa huku juu mjue kwamba barabara ile inakuvua nguo. Kila kona unayoteremka joto linaongezeka. Nilivua sweta ya kwanza, nikavua ya pili, na bibi akafungua kilemba akakifunga upya mara nne. Alilalamikia vumbi, akalalamikia dereva, akalalamikia harufu ya samaki wakati ziwa hata halijaonekana. Nikamwambia, "Bibi, unaogopa." Akaniambia nifunge dirisha. Baadaye kidogo akasema, "Nilimpenda yule mtoto. Uji wake haukuwa na madonge hata siku moja." Kwa muuza uji kama mimi, huo ni ushahidi mkubwa.

Saa saba mchana tulikuwa Kipili. Ziwa Tanganyika limetulia, mitumbwi imepumzika, na mchangani wanawake wanaanika dagaa. Yusta alikuwa mmoja wao, mwanamke mwembamba, mtoto mgongoni. Deo alituonyesha kwa kidevu, akabaki nyuma. Yusta alipotuona aliuweka ungo chini, akajifuta mikono, akaanza kupiga magoti amsalimie mama mkwe wake, adabu haikumtoka hata kwa hasira.

Lakini bibi alimwahi. Sijui magoti yale ya miaka yote ile yaliwezaje. Alishuka mchangani na kitenge chake cha Pasaka, akapiga makofi, taratibu, viganja vimejikunja, mzee kwa mtoto. Sijawahi kuona. Wanawake wa dagaa wakaacha kazi.

"Mama, usinifanyie hivyo," Yusta akasema. "Inuka."

"Pete niliificha mwenyewe, nikasahau. Wewe hukuichukua. Mdomo wangu ndio uliokosea."

Machozi yalimshuka Yusta lakini sauti yake ilikuwa kavu. "Sema tena, mama. Mama yangu yuko ndani, hajasikia."

Basi bibi akainuliwa, akapelekwa mlangoni, akasema tena. Mama yake Yusta akatoka, akasikiliza, akasema ana jirani ambaye alimtania sana mwanawe kwa jambo hili, naye angependa kusikia. Bibi akasema mara ya tatu, safari hii kwa sauti ya kutangazia mnada, maana yule jirani ni kiziwi kidogo. Mimi nikawa naitikia kwa kichwa pembeni kama shahidi wa harusi. Baada ya hapo tukaletewa migebuka ya kukaanga, na yule aliyelalamikia harufu ya samaki akala wawili.

Wakati wa kuondoka bibi alivua pete, akampa Yusta. "Kaa nayo wewe. Mimi nimezeeka."

Yusta akaizungusha ielekee kidole cha mwisho, akamvisha mama mkwe wake tena. "Ivae, mama. Ukienda shamba ivae, ukienda hospitali ivae. Ukiificha tena, mimi sirudi mara ya pili." Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba mara ya kwanza anarudi. Alisema atakuja dagaa wakikauka.

Nilirudi Sumbawanga siku iliyofuata. Ndani ya basi mtu akaniuliza hii alama ya kidole ni ya nini. Nikamjibu, "Nilivaa pete ya watu." Akahamisha mkoba wake upande wa pili.

Siku chache baadaye Deo alikuja dukani kwangu na debe la ulezi, zawadi ya mama yake. Akasema nimeagizwa niumwage wote mbele yake ndipo aondoke. Yusta amerudi, na bibi sasa anasonga ugali na pete kidoleni. Kule kijijini mimi naitwa mama mwaminifu wa Sumbawanga.

Nilichojifunza ndicho hiki, na ndiyo maana nawaandikia kabla ya Jumapili. Yusta hakuigusa ile pete akaitwa mwizi. Mimi niliivaa siku nne nikaitwa mwaminifu. Kama makofi yenu yamekwisha kuandaliwa na hayawezi kurudishwa, Yusta na mumewe watakuwa wageni wangu Jumapili hiyohiyo, benchi la pili kushoto, mtoto mgongoni. Wapigieni hao. Yusta anajua kuyapokea, ameshayapokea mchangani kule Kipili.