Sori Aliyoitoa Demetria

Demetria hakuwa mtu wa hasira. Waliokua naye Newala, na majirani wa Boko alikopanga na mumewe Fransis, wote wangekuambia hivyo hivyo: mwanamke wa kucheka, wa kukuwahi na pole kabla hujafika chini. Na tabia hiyo hiyo ndiyo iliyomponza.

Alikuwa mtandika vitanda kwenye hoteli moja ya ufukweni, Kunduchi. Kazi yake ilikuwa vyumbani: mashuka, taulo, vyoo. Sakafu za nje, kule kwenye bwawa la kuogelea, zilikuwa na watu wake wa kudeki. Jumamosi moja alikuwa anakatiza pale amekumbatia mzigo wa mashuka machafu, anapeleka kufuliwa. Watoto wa wageni walikuwa wametoka majini wakikimbizana, vigae vimelowa chapachapa. Mbele yake mama mmoja wa Kiingereza, mtu wa makamo, akateleza na kandambili zake, akaangukia mkono.

Demetria alitupa mashuka. Akapiga magoti kwenye yale maji, akamkumbatia yule mama mabega, akampangusa uso kwa upindo wa aproni.

"Sori! Sori mama! Sori jamani!"

Nani Dar asiyeijua sori ile? Mtu akijikwaa barabarani, sori. Akipaliwa na chai, sori. Akinyeshewa na mvua, hata kama humjui, sori. Ni pole ile ile tuliyolelewa nayo. Kiingereza cha Demetria kilikuwa cha salamu na taulo, na maneno yake aliyaokota kwa watu waliomzunguka, kwa maana waliyoyapa wao.

Mkono wa mgeni ulikuwa umevunjika. Wakampeleka hospitali. Demetria akaokota mashuka yake, akaenda zake, moyo ukimuuma kwa ajili ya yule mama.

Jumatatu akaitwa ofisini. Meneja, Wilfred, alikuwa kijana wa Masasi aliyepanda kutoka kubeba mizigo ya wageni hadi kuvaa tai. Demetria alimpenda kwa hilo. Wa kusini mwenzake.

"Kaa, Demetria. Yule mgeni ameleta malalamiko. Anasema wewe ndiye uliyeacha maji sakafuni."

"Mie? Mie nilikuwa na mashuka, bosi."

"Anasema ulikiri."

"Nilikiri nini?"

"Ulimwomba radhi. Tena na tena, mbele za watu. Kwao mtu haombi radhi hivyo kama kosa si lake."

Demetria akacheka. Alidhani anataniwa. "Bosi, nilimpa pole."

"Ulisema sori."

"Ndiyo. Pole."

"Sori kwa Kiingereza ni samahani."

Aliyasema hayo akiitazama kompyuta yake, na hapo ndipo kicheko kilipomkauka Demetria. Maana Wilfred mwenyewe alikuwa na sori mdomoni kutwa nzima. Mpishi akiungua, Wilfred: sori. Dereva akipata pancha, Wilfred: sori, braza. Hasira ikaanza kumpanda taratibu, kutoka tumboni, kama maziwa yanayotaka kufurika sufuria. Akasimama.

"Wilfred," alisema, na ile bosi akaiacha. "Mama yangu alipofariki ulikuja msibani. Ukanishika mkono chini ya turubai, watu wanaona, ukaniambia sori sana. Wewe ndiye uliyemuua mama yangu?"

Meneja akarudisha macho kwenye kompyuta.

"Nijibu! Ulikiri au hukukiri?"

"Usinipandishie sauti. Huko juu wanataka jina la mtu. Mgeni anaweza kutushitaki. Unataka mie nifanyeje?"

"Kumbe unajua."

"Najua nini?"

"Unajua nilimpa pole! Yule mama simlaumu, hakuzaliwa hapa, kasikia alichofundishwa kwao. Lakini wewe? Wewe umenyonya Masasi! Leo unajifanya umeisikia kwa sikio la Kizungu?"

Akaambiwa kazi yake imekwisha, na walinzi waliitwa, ingawa hakuna aliyemgusa. Alivua aproni mwenyewe, akaiweka juu ya kompyuta ya meneja, akatoka.

Getini akafikiwa na Alya, binti wa mapokezi, mbio mbio, mtandio umemvuka.

"Dada Demi, subiri. Yule mama mie nimekwenda kumwona asubuhi, niliposikia malalamiko yake. Nimemweleza kwamba sie tukisema sori tunampa mtu pole. Kashtuka! Akaniambia, kumbe yule dada alikuwa ananihurumia? Kampigia meneja simu, kamwambia usifukuzwe."

"Meneja kasemaje?"

Alya akatazama chini. "Kasema ripoti imeshakwenda."

Demetria hakulia. Wengi walimngoja alie, akina Fransis, majirani, hata padri aliyekuja kumwombea uvumilivu. Alipika ugali akiusonga kama anayemkaba mtu. Binti yake alipomwagikiwa na maji ya moto kidogo na shoga yake akamwambia sori, Demetria alimgeukia yule mtoto wa watu: "Sema pole! Kwani pole imekukosea nini?" Mtoto akatoka mbio. Jioni Demetria alimfuata kwao, akambembeleza, lakini neno lake hakulirudisha.

"Liache hili," Fransis alimsihi. "Kazi zipo nyingine."

"Kazi zipo. Mie nimeitwa mwenye kosa kwa kumwonea mtu huruma. Na jina langu, nalo lipo jingine?"

Akapeleka shauri kwenye usuluhishi wa kazi. Miezi ikapita ya nenda rudi, mara meneja amesafiri, mara amesahau. Mwishowe wakakutanishwa mbele ya msuluhishi, Bi Wahiba, mama mtu mzima wa miwani mizito. Demetria akamwamkia shikamoo, akasimulia. Wilfred akasimulia. Bi Wahiba akamuuliza swali moja tu: "Wewe baba, uliposikia alisema sori, ulielewa nini?"

Wilfred akajifuta shingo. "Nilielewa... alikuwa anampa pole."

Hoteli ikakubali kufuta lile kosa kwenye jina lake na kumlipa haki zake. Nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa. Bi Wahiba akauliza kama kuna la zaidi.

"Lipo," Demetria alisema. "Aniombe radhi."

Wilfred akanyanyuka, akaibana tai yake kifuani kwa mkono. "Sori sana, dada Demetria."

"Kwa Kiswahili."

Wilfred alimtazama Bi Wahiba, akautazama mlango, midomo ikacheza. Kisha akasema, kwa sauti ndogo:

"Pole."

Damu ilimpanda Demetria hadi masikioni. "Pole ni ya aliyepatwa na mkosi! Mie sikupatwa na mkosi, nilipatwa na wewe!"

Bi Wahiba aligonga meza kuomba utulivu, lakini Demetria alikuwa ameshachukua mkoba wake. Lile neno jingine Wilfred hakulisema, siku ile wala baadaye.

Sasa Demetria anafua na kupiga pasi kwenye duka la Yasmini, hapo hapo Boko, na wateja wanamsifia mikunjo ya suruali. Amerudia kucheka, ingawa si kwa kila mtu. Juzi Fransis aliposema huenda kijana yule aliogopa tu kupoteza kazi yake, Demetria aliendelea kukandamiza pasi juu ya kola ya shati.

"Aliogopa, najua," alisema. "Na bado nina hasira naye."