Klachi ya Trekta la Bi Hajra

Fundi wetu wa Mbekenyera huzibembeleza nati kwa sauti ya chini, "Legea, bibi, legea," na kila anayoifungua huifuta kwa kidole gumba kabla ya kuiweka chini. Bi Hajra alipokuta trekta lake kuukuu limetenganishwa vipande viwili ili libadilishwe klachi, na mvua imeshaanza, alishika kichwa. "Mwanangu, umeliua!" Fundi alicheka tu, akaendelea kufuta.

Jana, alipomaliza kuliunganisha, alikataa kulijaribu mwenyewe. "Panda wewe, mama. Kanyaga klachi, tia gia." Bi Hajra akakanyaga, akaachia taratibu, trekta likasogea. Fundi akabwaga spana, akakimbia mbele yake hadi shambani, akipiga vigelegele kuwashinda wanawake waliokuja kutazama.