Mfungo wa Maji Kabla ya Ndoa ya Nasra

Mpaka leo nikikaribia ule msikiti wa nyumbani kwetu, Mji Mkongwe, Bagamoyo, huwa navuka barabara na kujifanya naongea na simu, maana wazee wa barazani wananiita Lita Tano, jina ambalo sikupewa na mama yangu, nimejitafutia mwenyewe kwa ujinga wangu. Lakini nyie ni wenzangu, wacha niwaeleze ilivyokuwa, na atakayecheka acheke, ila asinikatize.

Chanzo chake ni koti. Ninalo koti langu jeusi la kuvaa juu ya kanzu, nililishonesha zamani nikiwa na mwili wa kijana, na siku ya ndoa ya binti yangu Nasra ilipopangwa nikalitoa kabatini nikalijaribu. Likagoma. Vifungo vitatu, hakuna hata kimoja kilichofika kwenye tundu lake. Mke wangu Zuhura alikuwa anapepeta mchele, akanitazama weee, akasema, "Baba Nasra, si uvae kanzu tu? Kanzu haina ugomvi na tumbo." Mimi nikaona nimedharauliwa.

Sasa pale Kerege, si mbali na duka langu (nauza saruji na mabati Mapinga), kuna bwana mmoja anatibu watu kwa maji na kufunga. Uwanja wake umezungushiwa makuti, ndani kuna mabeseni makubwa ya maji ya kisima, unakaa humo mpaka meno yanagongana, halafu unafungwa kitambaa kibichi tumboni na kuambiwa ulale. Sindano hakuna, vidonge hakuna. Na si tapeli yule, nasema mapema kabisa, kwa sababu baadaye ndugu zangu walitaka kwenda kumvunjia uzio. Alinikalisha kwenye mkeka, akaniuliza kwa upole, "Mzee wangu, una presha? Una sukari? Kuna dawa yoyote unatumia?"

Jamani, ulimi huu! Mimi presha ninayo mwaka wa sita, na kila asubuhi nameza vidonge, vile vinavyokufanya ukimbilie chooni. Lakini nikajua nikisema kweli atanirudisha nyumbani. Nikamwambia, "Mimi mzima kabisa, mwanangu. Tatizo ni hili tumbo tu."

"Basi funga siku tatu," akasema. "Maji tu, kidogo kidogo, usiyabugie. Kichwa kikianza kuuma, acha hapo hapo, kunywa uji wenye chumvi, kisha unipigie simu."

Siku tatu zile zikapita vizuri mno, na hilo ndilo lililoniponza. Nilijisikia mwepesi, nikawa mhubiri, mtu anakuja dukani kununua misumari anaondoka na hotuba nzima juu ya uchafu uliojazana tumboni mwake. (Kuna fundi mmoja alihamia duka la jirani kwa sababu hiyo.) Siku ya tatu jioni nikalijaribu koti, kifungo kimoja kikaingia! Ndoa ilikuwa imebaki siku nne. Nikapiga hesabu yangu ya kijinga kwamba kama siku tatu zimefunga kimoja, saba zitafunga vyote, nikaendelea bila kumwambia mtu, si yule bwana wa Kerege, si Zuhura, ambaye nilimdanganya kwamba nakula kwa mamantilie kule dukani. Chumvi siigusi, chakula sikigusi, ila vidonge vya presha nameza kama kawaida.

Siku ya ndoa niliamka kichwa kinagonga, kichefuchefu, miguu kama ya kuazima. Mtu mwenye akili zake angeomba uji. Mimi nikajiambia, huo ndio uchafu wa mwisho unatoka, usaidie utoke, nikachukua kidumu cha lita tano nikakaa nacho chumbani, na kabla ya adhuhuri kilikuwa kitupu. Kisha nikavaa koti. Vifungo vyote vitatu vikaingia, nikajipiga picha mbele ya kioo nikitabasamu.

Baada ya alasiri tukakaa msikitini. Watu wamejaa mpaka kwenye ngazi, udi unafuka, shehe yuko katikati, mimi upande huu kama baba wa binti, upande ule bwana harusi, Faraji, kijana mpole anayefundisha hesabu, na nyuma yangu mdogo wangu Mbaraka. Kipaza sauti kiliwekwa karibu kabisa na mdomo wangu, na spika zikavutwa mpaka kwenye nyumba yetu iliyopakana na msikiti, ili Zuhura, Nasra na wanawake wote wasikie.

"Bwana Athumani, utaoza mwenyewe au utaweka wakili?" shehe akauliza.

"Mwenyewe," nikasema. Hapo nilikuwa naona mashehe wawili, nikaamua kumjibu wa kulia.

Nikamshika Faraji mkono. Maneno yale nilikuwa nayajua, nimeyasema moyoni mara nyingi tangu Nasra ananyonya. Nikavuta pumzi, nikasema kwa sauti nzito ya baba, "Faraji bin Saidi, nimekuoza mke wangu Zuhura binti Omari, kwa mahari tuliyokubaliana."

Wallahi nilidhani nimesema Nasra. Na Faraji, maskini, alikuwa amekariri jibu lake wiki nzima, jina hakulisikiliza hata kidogo, akajibu bila kupumua, "Nimekubali kumuoa kwa mahari hayo."

 Watu wakageuziana shingo. Halafu kutoka upande wa pili wa ukuta ikaja sauti ya mwanamke mmoja, nami sauti ile nimelala nayo nyumba moja miaka ishirini na saba, "MIMI?"

"Astaghfirullah," shehe akasema, na yeye kipaza sauti kikamchukua. Faraji akauchomoa mkono wake kama ameshika kaa la moto. Mjomba wake akasimama, mtu mzima mwenye kifua, akafoka, "Hii ni dharau! Mmetuita hapa mpate kutucheka?" Mbaraka akaniinamia sikioni, "Kaka, sema Nasra. Sema Nasra tu, yaishe."

Nikafungua mdomo niseme, na kilichotoka, kwa walivyonisimulia, hakikuwa Kiswahili wala Kiarabu. Na hapo hapo kanzu yangu ikaanza kulowa. Yale maji yote, mbele ya mkwe, mbele ya shehe, juu ya zulia la msikiti, na mimi sihisi kitu. Waliokuwa wameziba midomo kwa kucheka wakaacha, kwa sababu macho yangu yaligeuka meupe nikaanguka kifudifudi, mwili mzima ukawa unatetemeka. Mtu akakata vifungo vya koti kwa kisu nipate kupumua. Yule mjomba aliyekuwa anafoka ndiye aliyenibeba miguu mpaka kwenye gari, na Zuhura aliingia garini peku, ushungi umeanguka mabegani.

Nilizinduka kesho yake asubuhi, dripu mkononi. Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa Nasra. Akavuta kiti.

"Baba, damu yako ilikuwa imeishiwa chumvi. Vidonge vyako vinaitoa, wewe siku saba hujala kitu, halafu ukajaza maji juu yake. Ubongo ukavimba. Ndiyo maana ulichanganyikiwa, ndiyo maana ulianguka. Wangechelewa kukuleta tusingekuwa tunaongea."

 Maji? Haya haya ya kunywa? Mimi nilikuwa naogopa mafuta na sukari, kumbe ningekufa kwa kitu ninachomkaribisha nacho mgeni.

Zuhura alikuwa amekaa kwenye kona, bado amevaa gauni la harusi, na hina mikononi. Hakuniambia pole. Alisema, "Siku saba unanidanganya unakula kwa mamantilie." Halafu akaongeza, "Shehe alipiga simu kusema maneno yako hayana nguvu, mimi bado mke wako. Nikamwambia asiwe na haraka, aniachie nifikirie." Mbaraka akacheka. Yeye hakucheka.

"Na Nasra?" nikauliza.

Wakatazamana. Mbaraka ndiye aliyejibu, macho yako sakafuni. "Ndoa ilifungwa, kaka. Yeye alikataa kabisa mpaka alipopigiwa simu kwamba unapumua. Watu walikuwa wamekaa, chakula kimeiva, na shehe akasema baba akiwa hajitambui, na wadogo zake hawajabaleghe, ndugu wa baba anashika nafasi yake. Nilimwoza mimi."

Na mama yake? Mama yake hakuwepo. Alikuwa huku wodini, amenishika mkono nisichomoe dripu. Hilo, ndugu zangu, liliniuma kuliko yote, zaidi hata ya kanzu kulowa.

Nasra alikuja mchana na Faraji. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe."

"Ulikuwa unaumwa, baba."

"Sikuwa naumwa," nikamwambia. "Nilikuwa nataka koti lifunge."

Akanitazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akajishika mbavu, halafu kicheko kikageuka kilio, akaegemea kitanda changu akalia. Faraji alisimama mlangoni, hajui aende wapi. Tangu siku ile mpaka leo kijana yule akimwamkia Zuhura hamtazami usoni.

Nilipopata nguvu nilikwenda Kerege nikamweleza yule bwana kila kitu, uongo wangu wote, na nikamwona uso unambadilika. Hakunigombeza. Alikaa chini, akasema tu, "Mzee wangu, ungefia mikononi mwangu." Siku hizi hampokei mtu mpaka aje na cheti cha hospitali na mtu wa nyumbani kwake, na anayetaka kuzidisha siku anamfukuza.

Sisemi kufunga ni kubaya, sisi watu wa saumu, tunafunga kila mwaka na tunafuturu. Ninachosema ni kwamba mimi sitadanganya tena mtu anayetaka kunitibu, awe na sindano au awe na beseni la maji, na tumbo langu nimeliacha lilivyo. Watoto wangu wengine watatu ni wa kiume, watakwenda kuoa kwa watu. Binti ninaye mmoja tu. Maneno yale nilipewa kuyasema mara moja, mbele ya watu wote, na Nasra alikuwa amekaa upande wa pili wa ukuta akiyasubiri.