Taa ya Njano kwenye Lori la Mabua

Nakumbuka Alhamisi moja ya kiangazi, nimekaa kwenye kiti cha dereva cha lori la babu yako, hapo hapo uani kwetu Mwika, nimeshika kimashine cha kusomea kompyuta ya injini, na moyo unanienda mbio kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mkuu wa shule. Nilikuwa nimemaliza digrii ya uhandisi miezi mitatu tu kabla ya hapo. Kazi sina, cheti ninacho. Na wewe mwanangu unanijua mama yako: nikipiga chafya, nawaza homa ya mapafu. Wakati ule nilikuwa mbaya zaidi.

Lori lile lilipandisha mabua ya mahindi kutoka tambarare kuwaletea ng'ombe wa huku mlimani. Kiangazi majani huisha, na ng'ombe wa zizini hajui kusubiri. Wiki ile likaanza kuukataa mlima. Taa ya njano ya injini inawaka, ukikanyaga mafuta linanguruma tu kama mzee aliyeamshwa usingizini, nguvu hamna.

Baba akasema, "Injinia si yupo nyumbani? Apime."

Nikapima. Mashine ikasema kwamba habari kutoka kwenye sensa ya shinikizo la mafuta haziko sawa. Sensa ni kidude kidogo tu, hakizidi kidole gumba. Kazi yake ni kuhisi na kuipasha habari kompyuta ya injini. Mashine haikusema zaidi ya hapo. Mimi nikachukua daftari, nikaandika sababu zote zinazowezekana, kurasa tatu, na mwisho wa ukurasa wa tatu nikaandika: dizeli imechanganywa na mafuta ya taa. Nikaitazama sentensi ile mpaka ikageuka kuwa kweli. Si siku ya Jumanne dereva alikuwa amekwenda Holili, kule mpakani? Si njiani kuna watu wanaouza dizeli kwenye madumu? Mwanangu, mwenye wasiwasi hakosi ushahidi.

Dereva wetu alikuwa Mzee Ndesario. Alikuwa amelishika lori lile tangu siku lilipoingia uani. Ndiye aliyenipeleka shule ya bweni na sanduku langu la bati, na nilipoanza kulia njiani alisimamisha gari, akaninunulia ndizi za kuchoma, akangoja nimalize kulia na nimalize kula. Mtu huyo ndiye niliyemuuliza, mbele ya baba na mbele ya kina mama watatu waliokuja kuchukua mabua yao: "Mzee, hii dizeli ulijaza wapi? Kwenye madumu? Imechanganywa hii."

Ulimi hauna mfupa. Mzee Ndesario akanitazama, akamtazama baba, kisha akaweka funguo juu ya bampa, taratibu kama mtu anayeweka yai.

"Haya, Injinia. Lori hilo," akasema. Akaondoka kwa miguu.

Ijumaa nikamwaga dizeli yote. Nikaosha tangi, nikabadilisha chujio, nikajaza dizeli niliyoifuata mwenyewe Himo. Nikawasha. Taa ikanitazama vile vile.

Baba alikuwa amesimama pembeni. "Dizeli imemwagwa?"

"Imemwagwa, baba."

"Taa imezima?"

"Haijazima."

"Basi dizeli imeshatoa ushahidi wake."

Alitembea hadi mwisho wa kihamba, shamba letu la nyumbani, pale yalipooteshwa masale, ile mimea ya mpakani, akajifanya anakagua migomba. Nilielewa. Huku kwetu ukimkosea mtu unamchukulia jani la sale, na aliyeletewa sale hawezi kukukatalia msamaha. Lakini lazima ulipeleke, na lazima uonekane unapita nalo. Nikachuma jani moja, nikalifunga fundo, nikashika njia ya kwa Mzee Ndesario. Nilipanga maneno yangu labda mara nane, na kila mara nikayaona hayatoshi. Kufika mlangoni yote yakanipotea.

"Shikamoo, mzee," nikasema, nikalinyoosha jani kwa mikono miwili.

"Marahaba." Akalipokea. Akaligeuza huku na huku. "Hili umelichuma mwenyewe, au uliuliza kwanza ile mashine?"

Mkewe akacheka kule jikoni, nami nikajua nimesamehewa kabla sijaketi.

Kesho yake mzee akaja uani. Lakini hakugusa kitu kwanza. Alisimama mbele ya lori akaniuliza, "Maji ya mfongo yasipofika shambani kwenu, unaanzia wapi?"

"Naanzia shambani kwetu, naufuata mfereji kupanda juu."

"Huendi moja kwa moja kumwita jirani wa juu mwizi?"

"Hapana, mzee."

"Sasa mbona hapa ulianzia kwa jirani?"

Tukainua kabini. Akaniambia, "Shika waya wa hiyo sensa yako, utembee nao." Nikautembeza vidoleni polepole, mpaka ulipoingia mahali ambapo makapi ya mabua yalikuwa yamejikusanya safari hadi safari. Nikayachambua. Ndani yake kulikuwa na kiota, na watoto watano wa panya, wekundu, hata macho hawajafumbua. Waya ulikuwa umetafunwa hadi shaba inaonekana.

"Wezi wa dizeli hao," akasema Mzee Ndesario. "Waulize walijaza wapi."

Nilicheka, na kulia nikalia, sikumbuki nilianza na kipi.

Tuliunga waya, tukaufunga vizuri. (Paka wetu alishinda ameshiba siku ile, tuyaache hayo.) Taa ikazima. Mzee akanipa funguo niendeshe, yeye akakaa kwenye kiti cha abiria, na jioni tuliporudi na shehena lori likaupanda mlima bila kunung'unika. Kwenye kona ya mwisho ndipo aliponiambia: "Ile mashine haikukudanganya, binti yangu. Ilikwambia habari hazifiki. Maneno mengine uliongeza wewe."

Mwanangu, juzi uliniambia kwenye simu kwamba mwenzako kazini amekunyamazia, na tayari unazo sababu saba, zote mbaya. Umenirithi, pole. Kunyamaza kwake ni taa tu imewaka. Usimhukumu mtu kwa taa. Anzia ulipo wewe, ufuate mfereji mguu kwa mguu, na neno usilolishika kwa mkono wako usilitoe mbele za watu. Na kama umeshalitoa, kuteleza si kuanguka. Usijifungie ndani ukiandika kurasa tatu za aibu. Chuma sale, upite nalo mchana, watu wakuone.

Mzee Ndesario haendeshi tena, macho yamechoka. Kila nikienda kumsalimu huniuliza, "Taa imezima?" Nami husema imezima, hata siku ambayo haijazima, maana nikiketi karibu naye huwa inazima.

Ruwa, Mungu wetu, akupe mkono mtulivu na ulimi usioutangulia mkono. Akupe watu watakaokungoja umalize kulia na umalize kula. Na maji yafike shambani kwako, mwanangu, kila kiangazi.