Mtoto wa Pili wa Mwalimu Kahongya

Mwalimu Kahongya aliipenda fizikia kupita kiasi. Wanafunzi wake wa Bulengera walimtania kwamba hata ugali angeupima kabla ya kuula. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa mwanzo wa ulimwengu, naye alilifundisha kila mwaka, programu ya masomo itake isitake.

Mwaka huu alilifundisha akiwaza mambo ya nyumbani. Asubuhi ile mkewe Virginie alikuwa amejifungua mvulana. Kwa Wanande, kabila lake, jina huenda kwa zamu: mvulana wa kwanza Nzanzu, wa pili Kambale, na hata kifo hakibadilishi zamu hiyo. Nzanzu wao alikuwa na miaka tisa alipochukuliwa na watu wenye silaha shambani, Kalunguta. Miaka miwili ilikuwa imepita, na hawakupata mwili wala habari. Tangu hapo hakuna aliyemwita tena Kahongya Papa Nzanzu, yaani baba yake Nzanzu. Wote, hata Virginie, walimwita Mwalimu tu. Kahongya alikuwa amechoka kuumia. Aliamua peke yake kwamba mtoto huyu ataandikwa Nzanzu, waanze upya. Muuguzi angeandika jina saa saba mchana.

Akachora duara ubaoni.

“Hii mashine iko chini ya udongo, kule mpaka ya Uswisi na Ufaransa. Kilometa makumi mbili na saba. Ukiinyoosha, inatoka hapa mpaka...”

Kila mwaka alimalizia kwa kusema Kalunguta. Safari hii alisema, “Mpaka mbali.”

Akaeleza jinsi wanasayansi wanavyokimbiza protoni na kuzigonganisha, hadi katika nukta moja ndogo panakuwa na joto kama la mwanzo kabisa, kabla ya nyota na kabla ya udongo.

Bénite, msichana aliyekaa mbele, akainua mkono. “Mwalimu, donc banaanzisha dunia upya? Yenye ilikuwako kwanza inafutika?”

“Hapana. Banatengeneza tu hali yenye inafanana na ya mwanzo, kwa kitambo kidogo sana. Ya kwanza inabakia.”

“Na vipande vyote banaviona?”

“Hapana vyote. Kuko yenye inapita bila kuacha alama. Mais banapiga hesabu: nguvu yenye iliingia, nguvu yenye ilitoka. Kama inapunguka, banajua kuko kitu ilipita. Mutu mwenye kuficha ile pengo juu hesabu ionekane kamili, ule anadanganya.”

Aliyasikia maneno yake mwenyewe, na mkono wenye chaki ukashuka. Akawaambia wanakili mchoro, akasimama dirishani mpaka kengele ikalia.

Kule maternité, wodi ya wazazi, muuguzi alikuwa tayari na kalamu. “Jina ya mutoto?”

Virginie alimtazama mumewe kwa woga. Hakuwa ameambiwa kitu, lakini alimjua.

“Kambale,” Kahongya akasema.

“Ah, wa pili,” muuguzi akasema kwa furaha, huku akiandika. “Na mukubwa wake iko wapi?”

Hilo ndilo swali alilokuwa akilikimbia tangu alfajiri.

“Hatujue,” akajibu. “Tunamungojea.”

Muuguzi akainamia karatasi yake. Virginie akajiinua kitandani taratibu, akamnyooshea mumewe kitoto kilichofungwa kitengeni.

“Papa Nzanzu,” akasema, “shika mutoto.”

Akampokea, akilia mbele ya watu wote.